Mwanagenzi wa Vito Afundishwe kwa Kiswahili

Malenga wa Kiswahili ni watu wanaopenda vito. Tangu zamani mpenzi ameitwa lulu, johari, almasi, yakuti na zumaridi, na hata leo mshairi chipukizi akitaka kumsifu amtakaye hupita kwanza dukani kwa sonara kabla hajafika kwenye bustani ya maua. Hilo si kosa. Hata hivyo, muulizeni mshairi huyo yakuti hutokaje katika matope ya shimo hadi ikamulika katika pete, naye atawajibu kwamba inang'aa kwa sababu ni yakuti. Sivyo. Jiwe halizaliwi liking'aa. Limekatwa, limesuguliwa na kung'arishwa na mtu aliyejifunza kazi, na mtu huyo aliwahi kuwa mwanagenzi asiyejua hata jinsi ya kulishika.

Maoni yangu ni haya: mwanagenzi huyo, ikiwa amelelewa kwa Kiswahili, anapaswa kufundishwa kazi hii kwa Kiswahili, na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha tuna wajibu wa kumsaidia kupata maneno. Nayasema haya nikiwa mwalimu niliyefunzwa katika chuo cha ualimu, nikafundisha sekondari hadi kustaafu, na ambaye tangu hapo nimekuwa nikihudhuria karakana ya fundi mmoja jijini Arusha kujifunza kukata mawe. Mkono wangu ungali wa mwanafunzi. Sikio langu ni la mwalimu wa lugha, na sikio hilo ndilo lililonituma kuandika.

Tuanze na mwaka 1967. Katika mwaka huo jiwe la buluu ambalo sasa dunia nzima inalijua liligunduliwa katika vilima vya Mirerani. Katika mwaka huohuo Bunge letu lilitunga sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka uliofuata, kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ililipa jiwe lile jina la kibiashara, nalo likawa tanzanaiti. Jina ni zuri na limebeba jina la nchi yetu, lakini halikutungwa nasi. Tangu hapo jiwe na baraza vimekua pamoja kama ndugu wawili wasiosalimiana. Jiwe lilisafiri likiwa ghafi, na sehemu kubwa yake imekuwa ikikatwa Jaipur, nchini India. Maneno ya kulikata nayo yakabaki huko huko.

Nchi yetu imekuwa ikihimiza kwa miaka mingi kwamba madini ya vito yaongezwe thamani hapa nyumbani. Ni wito mwema. Ila thamani huongezwa na mikono, mikono huongozwa na maelekezo, na maelekezo ni lugha. Namfahamu kijana mmoja aliyefanya kazi machimboni kwa miaka kadhaa, miongoni mwa wale tunaowaita wanaapolo. Akiliinua jiwe kwenye mwanga wa jua atakuonyesha ufa ambao wewe huuoni hadi akugeuzie jiwe mara tatu. Alijiunga na kozi fupi ya ukataji, akapewa kitini cha Kiingereza kitupu, chenye majedwali ya pembe na majina ya sehemu za kito ambayo hakuwahi kuyasikia. Baada ya wiki tatu aliacha. Kazi haikumshinda, kwa maana hakuifikia. Kilichomshinda ni kitini. Leo amerudi shimoni, na jicho lake lile linawatajirisha wengine.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ngeni, kwa hiyo lugha yake lazima iwe ngeni. Historia inawakatalia. Waakiolojia waliochimba Tumbe, kisiwani Pemba, walikuta vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa, ambavyo watu wa pwani walivitumia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kulainishia shanga za makombe. Mafundi wa Kilwa walichonga matumbawe yakaja kuwa mihrabu na nguzo, wakijua kwamba tumbawe likitoka baharini huwa laini na hukazana kadiri linavyokauka. Watu hao hawakufanya kazi kimya kimya. Walikuwa na maneno, na mengi tunayo bado. Tuna tupa na tindo, kinoo cha kunolea, jiliwa la kubania, kekee ya kutobolea, cherehe inayozunguka, na kitenzi kukereza, ambacho ni kuchonga kitu kinachozungushwa. Tuna msasa, ambao kabla ya kuwa karatasi ya dukani ulikuwa mti wenye majani makwaruzo yaliyotumika kulainishia mbao. Kila tunaposema kwamba fulani amepigwa msasa tunatumia lugha ya karakana bila kujua.

Majina ya mawe yenyewe hayakutupungukia pia. Wafasiri wa Biblia walipofika kwenye Kitabu cha Ufunuo, palipotajwa misingi kumi na miwili ya mji mtakatifu, walilazimika kupata majina kumi na mawili ya vito. Waliyokuwa nayo wakayatumia: yakuti, zumaridi, akiki, zabarajadi. Wasiyokuwa nayo wakayatohoa kutoka Kigiriki, na waumini wameyasoma kwa miongo mingi bila kulalamika. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza: tumia ulicho nacho, na usichonacho kikope kwa heshima.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nisingependa tujadili maneno ya kitu tusichokijua.

Mwanagenzi haanzi na tanzanaiti. Jiwe hilo ni ghali, ugumu wake uko kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho huanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi, na hupasuka kwa urahisi likigongwa kufuata mwelekeo wake mmoja. Mwanagenzi huanza na akiki au yaspi, mawe magumu ya kutosha, yasiyo na hila, ambayo yakiharibika hayamtii mtu kwenye deni. Kito chake cha kwanza huwa kile chenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, ambacho mimi nakiita kito cha kuba, kwa kuwa umbo lake ni la kuba la msikiti.

Kwanza jiwe hukaguliwa. Linaloweshwa maji, linageuzwageuzwa kwenye mwanga, na nyufa zake zinatafutwa. Kisha hukatwa vipande kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi ukingoni, huku maji yakimiminika muda wote. Maji hayo yana kazi tatu: hupoza msumeno, huondoa unga wa jiwe na, lililo kubwa kuliko yote, huzuia vumbi lisipande hewani. Vumbi la akiki na kwatzi likivutwa kwa miaka huyafanya mapafu kuwa na makovu yasiyopona. Mafundi waliokata mawe makavu wamekufa kwa ugonjwa huo katika nchi nyingi. Onyo hili likiandikwa kwa lugha asiyoielewa msomaji, halijaandikwa. Ndugu zangu, hapa suala la lugha halihusu fahari ya taifa wala mapenzi ya ushairi. Linahusu pumzi ya mtu.

Baada ya kukatwa, kipande huchorwa umbo, kingo zake hupunguzwa, kisha hugandishwa kwenye ncha ya kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa. Ndiyo, lakiri ileile waliyopigia mihuri mababu zetu. Hapo ndipo usuguaji unapoanza. Cherehe ya kwanza ina chenga nene, namba 80 hivi, nayo hulipa jiwe umbo. Inafuata namba 220, kisha 600, kisha 1,200, kisha 3,000, na mwisho ngozi au kitambaa kilichopakwa unga laini wa kung'arishia. Namba ikipanda, chenga huwa ndogo. Kila hatua ina kazi moja tu: kufuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia. Hakuna hatua inayoweza kufanya kazi ya nyingine. Mkwaruzo wa namba 80 ulioachwa kwa uvivu hautafutwa na namba 3,000 hata ukisugua hadi alfajiri. Utang'arishwa pamoja na jiwe, nao utang'aa.

Kuna funzo moja la fundi wangu ambalo nimelichukua hadi kwenye ushairi. Jiwe likiwa limelowa huonekana limeshang'aa, kwa sababu maji huijaza mikwaruzo na kuificha. Kwa hiyo kabla ya kuhamia namba nyingine, fundi hulikausha kwa kitambaa na kulitazama kavu. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka mashairi mengi niliyoyasikia yakighaniwa kwa sauti tamu. Mahadhi ni maji. Hujaza nyufa za maana, huficha neno lililoburutwa ili kutimiza kina, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba ameona kito. Mshairi anayejiheshimu na alisome shairi lake kavu, kwa sauti ya mazungumzo, mezani, bila kughani. Likisimama hapo, aliimbe apendavyo.

Hatua ya pili ya ufundi ni kito cha nyuso, kile chenye pande nyingi bapa zinazocheza na mwanga. Hapa ndipo maneno yanapokuwa haba kweli, na hapa ndipo natoa mapendekezo yangu mjadili. Kila upande bapa tuuite uso, wingi nyuso. Uso mkubwa ulio juu, unaotazamana na mtazamaji, uwe paji, kwa kuwa ndio sehemu pana na bapa ya uso mzima. Sehemu ya juu inayouzunguka iwe taji. Mstari mwembamba unaotenganisha juu na chini uwe kiuno. Sehemu ya chini iwe kitako, na mwisho wake uwe ncha. Kito cha duara cha kawaida kina nyuso 57: 33 katika taji, paji likiwemo, na 24 katika kitako. Jaribuni kumweleza hivyo mtoto wa darasa la saba, muone kama hataelewa mara moja.

Mashine ya kukatia nyuso ina gurudumu la kuhesabia, ambalo mara nyingi lina meno 96. Ukitaka nyuso 8 unahama meno 12 kila mara. Ukitaka nyuso 16 unahama meno 6. Malenga wenzangu, nane na kumi na sita ni hesabu zetu! Mtu aliyezoea kugawa mshororo katika vipande viwili vya mizani nane nane hawezi kuogopa gurudumu hilo.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, na jambo hili huwashangaza wanagenzi wengi. Mwanga ukiingia kupitia paji unapaswa kugonga nyuso za kitako na kurudi kwenye jicho. Katika kwatzi, nyuso kuu za kitako zikikatwa kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 41 hivi, mwanga haurudi. Hupenya na kutokomea chini. Kito cha namna hiyo kikiwekwa juu ya gazeti, herufi zinasomeka katikati yake, na mafundi husema kina dirisha. Nyuso zake zote zipo, zimelingana na zimeng'arishwa, hesabu haina kasoro, ila katikati pana uwazi. Mashairi yenye madirisha tunayo mengi. Vina vimetimia, mizani haikupungua hata moja, kibwagizo kimerudiwa ipasavyo, lakini ukitazama ndani unaona kilichoko upande wa pili, yaani hakuna kitu. Tumekuwa tukiyaita mashairi ya namna hiyo butu au chapwa. Mimi naona neno dirisha linafaa zaidi, kwa sababu linatuambia kosa liko wapi. Halipo katika hesabu. Liko katika pembe ambayo mshairi aliitazamia habari yake.

Tena fundi hukumbana na tamaa. Vito huuzwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Jiwe ghafi mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake katika kukatwa. Tanzanaiti huongeza mtihani, kwa kuwa huonyesha rangi tofauti kwa kadiri unavyoligeuza: buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na wekundu wa kahawia katika upande wa tatu hasa kabla halijachomwa. Mara nyingi ukilielekeza jiwe ili litoe buluu iliyo bora unapoteza uzito mwingi zaidi kuliko ukiridhika na zambarau. Fundi anaamua: uzito au rangi? Anayeweza kufanya uamuzi huo kwa busara ni yule aliyeelezwa sababu, si yule aliyekariri namba kutoka kwenye jedwali la lugha ngeni.

Nimesikia hoja kuu ya wapinzani nami naiheshimu. Wanasema soko la vito ni la kimataifa, mnunuzi huzungumza Kiingereza, na hivyo kumfundisha kijana kwa Kiswahili ni kumfungia kisimani. Hoja hii inachanganya mambo mawili, kujifunza kazi na kuuza kazi. Mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, umekata akiki kwa karne nyingi. Mafundi wake wa zamani walilala kifudifudi mbele ya magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji ya mto, na maelekezo waliyopeana yalikuwa ya Kijerumani. Mafundi wa Jaipur hawakungoja wajue Kiingereza ndipo washike jiwe. Walirithishana kazi kwa lugha za nyumbani kwao. Miji hiyo miwili imeuzia dunia nzima. Kijana akishakuwa fundi, Kiingereza cha kuuzia atakijifunza, na akikijifunza kitamfaa kwa kuwa ana kitu cha kuuza.

Hoja ya pili hutoka kwa wenzetu wa upande wa lugha. Wanaogopa kwamba karakana zitaharibu Kiswahili, kwa sababu humo mtasikia watu wakisema kupolishi na shepu. Siogopi. Karati yenyewe ilitoka Kigiriki ikapitia Kiarabu kabla ya kutufikia. Neno la kigeni halituui. Kinachotudhuru ni uvivu wa kukopa pale tulipo na akiba. Kupolishi haina sababu ya kuwepo maadamu tuna kung'arisha, na shepu haina kazi maadamu tuna umbo. Kwa upande mwingine, nawaonya wale wanaotunga istilahi wakiwa wamekaa ofisini. Neno lisilopita katika kinywa cha fundi hubaki kamusini kama nguo ya sanduku. Mtunzi wa istilahi na aende karakana, aloweshe mikono, asikilize kabla ya kupendekeza. Mapendekezo yangu mwenyewe, paji na kiuno na kitako, nayaweka mbele ya mafundi wayapime. Wakiyakataa na kuleta bora, nitashukuru.

Na tusidhani kwamba neno la kwetu haliwezi kusafiri. Huko Longido kunapatikana jiwe la kijani lenye madoa mekundu ya yakuti, ambalo wachongaji wa nchi nyingi wanalijua kwa jina la anyolaiti. Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya kijani. Lugha ya wafugaji wa Longido imeingia katika vitabu vya vito vya dunia. Kiswahili, chenye wasemaji wengi zaidi, kina udhuru gani?

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mtu mmoja akusanye maneno yanayotumika karakanani, mazuri na mabaya, kabla hayajapotea. Mwingine atafsiri jedwali moja la pembe na onyo moja la vumbi, libandikwe ukutani. Walimu wa ufundi waruhusu swali na jibu kwa Kiswahili hata pale kitini kilipo cha Kiingereza. Nao washairi wafanye walichofanya siku zote kwa mabaharia, wakulima na waganga: watie maarifa katika mizani ili yakae kichwani. Kwa kuanzia nimewatungia wanagenzi ubeti mmoja wa kukariri. Sidai ni utunzi wa kusifiwa. Ni utaratibu wa kazi uliofungwa kwa kamba ya vina.

Jiwe lichague kwanza, lenye ufa weka kando,
Maji mapafu hutunza, vumbi halina upendo,
Chenga nene zitaanza, laini zifunge mwendo,
Haraka huja kuponza, subira ndiyo mtindo.

Mwenye ubeti bora zaidi na aulete. Mwenye neno la fundi wa kwao, awe wa Mirerani, Mahenge, Tunduru au Taita, na aliandike pamoja na maana yake na mahali alipolisikia. Vito viko chini ya miguu yetu na lugha iko vinywani mwetu. Kilichobaki ni kuvikutanisha juu ya cherehe moja, huku maji yakimiminika.